Noah inachemsha na kula oili: tushushe injini, au tuagize nyingine?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, tunaishi Uyole, Mbeya. Tuna Noah ya 1999, ile ya zamani yenye injini ya 3S, dashibodi inasoma kilometa 287,000. Siku hizi inachemsha tukitoka Tukuyu kurudi nyumbani tukiwa tumejaa, na oili inapungua. Fundi amepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) akapata 140, 138, 145 na 140. Amesema injini imekufa, tuishushe kwa milioni 2 na laki 4. Mume wangu anasema tusitupe hela: dalali ametaja milioni 5, tumuuzie, tuchukue mkopo wa SACCOS milioni 10 (marejesho 361,000 kwa miezi 36), tuongeze akiba yetu ya milioni 7, tuagize IST au Noah ya karibuni. Nyumbani tuko sita, na mara nyingi tunarudi na ndizi na viazi. Tufanyeje?

Jibu: Mwalimu, msishushe injini, na fomu ya mkopo ikae kwanza kabatini. Nasema hivyo kwa sababu ya zile namba nne ulizoandika. Fundi wenu amefanya vizuri kupima, wengi hawapimi kabisa, ila amezisoma kwa kitabu cha watu wa pwani.

Kitabu cha 3S-FE kinasema silinda ikiwa nzima inatoa karibu psi 178, ikishuka chini ya 142 ni ya kufanyiwa kazi, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi 14. Ukishika namba hizo kama zilivyo, 138 inaonekana imeshavuka mstari. Lakini ni namba za usawa wa bahari. Uyole iko kwenye mita 1,800 hivi, na hewa ya huku ni nyepesi: silinda inavuta hewa pungufu, inakandamiza pungufu, na geji inasoma pungufu hata kama ringi (pete za pistoni) zimefungwa jana. Kwa mwinuko huo namba ya kitabu unaizidisha kwa 0.84 hivi. Ile 178 inakuwa kama 150, na ile 142 ya mwisho inakuwa kama 119. Silinda zenu ziko kati ya 138 na 145, zimepishana kwa 7 tu. Kwa injini iliyotembea kilometa 287,000, hiyo ni afya ya kujivunia. Na kama alipima injini ikiwa ya baridi, au betri ikiwa imechoka na stata inazunguka kwa kujivuta, basi hali halisi ni nzuri kuliko hata hizo namba. Kipimo sahihi ni injini ya moto, plagi zote nne zimetolewa, mtu amekanyaga mafuta mpaka chini, na kila silinda inazungushwa idadi ileile ya mapigo.

Kwa hiyo mna magonjwa mawili tofauti ambayo yamepewa jina moja la "injini imekufa". Kuchemsha kuna sababu zake na kupungua kwa oili kuna zake. Yatibuni kila moja peke yake.

Nianze na kuchemsha, maana ndiko kunakoua injini kweli. Njia yenu kutoka Tukuyu kupitia Kiwira hadi Isongole inapanda mpaka zaidi ya mita 2,000, gari limejaa watu na mikungu, mwendo ni mdogo na upepo unaoingia kwenye rejeta ni haba. Hapo mfumo wa maji unaonyesha kila udhaifu uliojificha mkizunguka mjini tu.

Anzeni na kifuniko cha rejeta, kitu ambacho watu wanakidharau kwa sababu ni rahisi. Kwa mwinuko wenu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia kuchemka ni kile kifuniko, ambacho springi yake inashikilia mgandamizo wa karibu bar 0.9 ili maji yafike nyuzi 115 bila kutoa mvuke. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, mgandamizo unavuja na maji yanachemka mapema wakati injini haina tatizo lolote. Dalili yake: chupa ya akiba inajaa mpaka inamwaga, na injini ikipoa maji hayarudi kwenye rejeta. Nunueni kifuniko kipya chenye namba ileile iliyoandikwa juu ya kile cha zamani, na msichukue kile kinachoingia tu.

Kisha mwulizeni fundi swali moja: themostati (valvu inayofungulia maji ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) ipo? Mafundi wengi wakiona gari linachemsha huitoa na kuitupa. Huku kwenye baridi hilo ni kosa kubwa kuliko pwani. Themostati ya 3S hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo, asubuhi ya Juni au Julai injini inatembea kilometa nyingi haijapata moto, kompyuta inaamini gari bado ni la baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, ile petroli inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Unapata gari linalokula mafuta na oili inayopoteza ulaini. Na mlimani bado linachemsha, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haukuguswa. Kuipima ni kazi ya jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, pasha moto, uone kama inafunguka kabla maji hayajachemka.

Baada ya hapo rejeta yenyewe. Ya Noah hiyo imekaa mbele na inapokea tope la barabara zote mnazopita. Ioneni kwa tochi kutoka pande zote mbili, pamoja na ile rejeta ya AC iliyo mbele yake. Kati ya hizo mbili ndiko uchafu unakojificha na maji ya kuosha gari hayafiki. Kwa ndani, kama imekuwa ikijazwa maji ya bomba au ya mtoni kwa miaka, mirija ya chini imeziba kwa chokaa na kutu. Injini ikiwa imepata moto, izimeni na mpitishe kiganja kwa uangalifu usoni mwa rejeta: sehemu iliyoziba itakuwa ya baridi katikati ya joto. Ikiziba zaidi ya robo, badilisheni, na mpime unene wake kabla ya kulipa, kwa sababu kuna mbadala nyembamba zinazoingia vizuri kwenye nafasi yake lakini haziwezi mlima mkiwa sita.

Mkishabadilisha, kujaza kulanti (dawa ya kupoza injini) kwenye gari hili kuna kanuni yake. Injini iko chini ya viti vya mbele na mabomba ya maji ni marefu, kwa hiyo hewa hukwama humo. Pandisheni pua ya gari kwa jeki, fungueni hita mpaka mwisho wa moto, mjaze taratibu, muwashe injini kifuniko kikiwa wazi mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe, kisha ndipo mfunge. Kulanti iwe nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri. Gari likichemsha siku ya pili baada ya kubadilishiwa rejeta, mara nyingi ni hewa hiyo na wala si rejeta mbovu mliyouziwa.

Mapovu yasiyoisha ni habari nyingine. Kama injini inaunguruma na maji ya rejeta yanaendelea kutoa povu dogodogo bila kukoma, au mabomba yanakuwa magumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, moshi wa silinda unapenya kwenye maji kupitia gasketi ya silinda hedi, yaani ile inayoziba kati ya hedi ya juu na bloku ya injini. Kuna kipimo cha dawa ya bluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, hedi inafunguliwa. Hata hapo injini haishushwi: inatolewa hedi tu, inapelekwa kwa fundi wa mashine kupimwa kama imepinda na kusawazishwa, inarudi na gasketi mpya. Mkifika hapo badilisheni pia taiming belti na pampu ya maji kama hamna kumbukumbu za lini zilibadilishwa. Belti hiyo ni ya kilometa 100,000, na kazi ya kuifikia mtakuwa mmeshailipia.

Sasa oili. "Inapungua" ni neno linalohitaji kipimo. Jazeni mpaka alama ya juu gari likiwa kwenye tambarare, mtembee kilometa 1,000, mjaze tena mkiandika ni kiasi gani kimeingia. Ikiwa ni chini ya nusu lita, endeleeni na maisha. Gari la umri huo lina haki ya kunywa kidogo. Ikizidi lita 1, tafuteni chanzo. Kwanza tandikeni boksi safi chini ya injini usiku mmoja, maana oili nyingi inayodaiwa kuliwa inadondoka kwenye gasketi ya juu ya injini au sili ya nyuma ya krenki. Pili, valvu ya PCV. Ni kijidude kidogo cha bei ndogo kinachopitisha mvuke wa ndani ya injini. Ikiziba, injini inavuta oili kwa mlango usio wake. Itoeni na muitikise: ikilia kama njuga, ni nzima.

Kama hakuna uvujaji, mlima wenyewe utawapa jibu. Teremkeni Igawilo gari likiwa kwenye gia ndogo, mguu umetoka kwenye mafuta, kwa dakika mbili tatu. Mkifika chini kanyageni, na mtu aliye kiti cha nyuma aangalie. Wingu la bluu linalotoka mara moja kisha likapotea ni sili za valvu: mkiteremka namna ile injini inavuta kwa nguvu na oili inanyonywa kupitia sili zilizokauka. Hizo ziko 16, ni za mpira, na fundi makini anazibadilisha bila kutoa hata hedi, kwa kujaza silinda upepo wa kompresa ili valvu zisidondoke ndani. Moshi wa bluu unaofuata gari wakati wote linapopanda ni ringi za oili, zile za chini, ambazo kipimo cha kompresheni hakizioni. Hapo tu ndipo fundi wenu angekuwa na hoja ya kufungua injini. Kwa namba mlizo nazo na gari linalochemsha kwa msimu mfupi, dau langu ni sili.

Kazi hii yote, kifuniko, themostati, rejeta, kulanti, PCV na sili, itengeeni milioni 1 na laki 2. Ni nusu ya mliyoambiwa.

Kabla ya kutoa hata senti ya hiyo, lakini, pitisheni gari kwenye mambo mawili ambayo yakiwa mabaya mimi nageuza kauli na kuwa upande wa mume wako. La kwanza ni kutu ya chini. Mvua za Rungwe haziachi gari kukauka. Pandisheni gari, chukueni bisibisi, mgonge kingo za chini ya milango, sakafu, na hasa pale springi na mikono ya tairi za nyuma inaposhikia. Mlio wa chuma ni mzuri. Mlio mfu, au bisibisi ikizama, ni mwisho wa mjadala, kwa sababu kuchomelea sehemu hizo ni kujificha tu. La pili ni gia boksi. Asubuhi gari likiwa la baridi, wekeni D mkiwa mmekanyaga breki. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kushika, au mlimani injini inapiga kelele huku mwendo hauongezeki, au oili yake imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, basi msiweke rejeta mpya kwenye gari hilo. Muuzieni dalali kama lilivyo, na mumwambie ukweli.

Tuseme chini ni pazima na gia zinashika. Hesabu inakuwaje? Mkopo wa 361,000 kwa miezi 36 unarudisha shilingi 12,996,000 kwa milioni 10, yaani riba karibu milioni 3, milioni 1 kila mwaka. Gari jipya litaokoa petroli, hilo ni kweli. Mkitembea kilometa 12,000 kwa mwaka, Noah yenu ikila lita 1 kwa kilometa 8, mnatumia lita 1,500. Ya karibuni ikienda kilometa 11 kwa lita, ni lita 1,090. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, nimechukua namba ya kukadiria (bei halisi mnaijua EWURA inapotangaza kila mwezi), mnaokoa karibu milioni 1 na laki 2. Petroli iliyookolewa inalipa riba na kubaki chenji. Ile milioni 10 yenyewe bado mnaitoa mfukoni, na huenda mkopeshaji akadai na bima kubwa.

Geuzeni upande wa pili. Tengenezeni kwa milioni 1.2 kutoka kwenye ile 7, kisha kila mwezi ile 361,000 ambayo mlikuwa tayari kuwapa SACCOS jilipeni wenyewe. Baada ya miezi 24 mna shilingi 14,464,000. Uzeni Noah isiyochemsha, hata kama ni kwa ileile milioni 5, mko karibu na milioni 19 na nusu, bila deni. Mlikuwa mnafikiria gari la milioni 22. Pengo lililobaki ni dogo, na akina dalali wanalipa vizuri zaidi kwa gari linalopanda mlima mbele ya mnunuzi.

Kuhusu gari lenyewe litakapokuja: IST muiondoe kwenye orodha leo. Ina viti vitano na nyie ni sita. Hilo peke yake linatosha kuwaletea shida kwa trafiki, na kwa bima siku ya ajali. Lakini hata mngekuwa watano, injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. IST ya 1300 ina farasi 87. Ikifika Isongole imebaki na kama 70, ikiwa imebeba familia na viazi. Noah yenu ina 130, ikifika pale bado ina zaidi ya 100. IST ni gari zuri la mtu anayetoka Soweto kwenda Mwanjelwa, humuhumu Mbeya mjini.

Kwa Noah, kuna kizazi cha 2001 hadi 2007 ambacho bei yake inavutia, na hapo ndipo watu wengi wanaumia. Injini yake ni 1AZ-FSE, ile iliyoandikwa D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Masizi yanajaa kwenye njia ya hewa, pampu yake ya presha haipendi petroli chafu, na familia hiyo ya injini ina sifa ya nyuzi za bolti za hedi kuachia kwenye bloku. Pitieni mbali. Kizazi kilichofuata, kuanzia 2007, kina 3ZR, ambayo ina cheni badala ya belti na ni tulivu zaidi. Gia boksi yake ni CVT, otomatiki inayotumia mkanda, na hiyo inataka oili yake maalumu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Fundi akimwagia ATF ya kawaida, ile nyekundu, mkanda wa ndani utaanza kuteleza, na mlima utakuwa wa kwanza kuwaambia.

Mkiagiza, ushuru msiupigie kwa bei mliyolipa Japani. TRA inatumia thamani yake yenyewe, na kikokotoo chake kiko wazi mtandaoni. Kitumieni kabla hamjatuma hela. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 kuna ushuru wa bidhaa, na gari lililozidi miaka 8 huongezewa mwingine wa uchakavu, hadi asilimia 30 likizidi miaka 10. Vikipandana, kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe. Bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango hivi. Karatasi ya mnada muitake kabla ya kulipa: R ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa, na herufi S na C zilizochorwa kwenye picha ya bodi ni kutu. C nyingi sehemu za chini ni dalili ya gari lililoishi kwenye barabara za theluji zinazomwagwa chumvi, na hilo likija kuonana na mvua za Rungwe halitadumu.

Mkiamua kununua la mkononi hapahapa, msidanganywe na namba. "Namba E" inaonyesha lini limesajiliwa Tanzania na wala si lini limetengenezwa. Mwaka someni kwenye kadi. Ombeni mlijaribu mkiwa sita ndani, kutoka Igawilo kwenda juu, macho kwenye geji ya joto. Muuzaji anayekataa mlima amewapunguzia kazi.

Na siku mtakapouza hiyo Noah, uhamisho wa umiliki TRA ufanyike siku ileile ya malipo. Kadi ikibaki kwa jina la mume wako, faini zote za barabarani za mnunuzi zitaendelea kuja kwake, na akipata ajali mtatafutwa nyie.